Osewe Ajisifu Kichwa Kikiwa Wazi

Wee, nani alishawahi kusikia mtu akipasuliwa kichwa huku anapiga domo? Mwaka huo wa tisini na sita Adhis alikuwa hajasikia, na sasa alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji, amevalishwa joho la kijani. Mbele yake kakake Osewe amelala kwa ubavu, macho wazi. Nyuma ya pazia Daktari Kiragu alikuwa akiugusagusa ubongo kwa kifimbo cha umeme.

"Ndivyo wanavyofanya ng'ambo siku hizi," daktari alikuwa amewaeleza. "Uvimbe umekaa karibu na mahali pa maneno. Akiongea vizuri, nakata. Akiharibika, naacha." Naye Osewe akiogopa, Kiswahili humtoroka, anabaki na Kijaluo tu, na Kiragu hajui hata salamu yake. Ndiyo maana dada mtu akaitwa, amsikilize na kumfasiria daktari.

Osewe aliuza mitumba Kawangware, na mdomo ndio uliomlisha. "Heri nife nikiongea," alimwambia Adhis nyumbani kwao mtaa wa Lindi, "kuliko niishi bubu." Adhis alitaka uvimbe utoke wote, hadi mzizi. Hakumwambia.

Sasa pale mezani akamuuliza habari za ng'ombe, za shemeji, za mvua. Maswali yakamwishia Adhis. Osewe akaanza kusinzia.

"Aongee!" daktari akafoka.

Mungu wangu! Adhis akashika lililomjia: pakruok, yale majisifu ya Wajaluo ngomani, mtu anapokatiza muziki ajitaje yeye na watu wake. Akajiita dada wa simba.

Osewe ashindwe na mwanamke? Thubutu! Akapaza sauti: yeye ndiye mvalishaji wa maskini, kipenzi cha wasichana wa Kianda, mtoto wa sufuria!

Manesi wakacheka kwa zile mbwembwe. "Safi kabisa," akasema Kiragu, mkono ukiendelea.

Adhis akamwinamia. Mama yao ni Aketch, si sufuria.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa sufuria!" akajibu kwa majivuno.

Mle ndani ni Adhis peke yake aliyeelewa Kijaluo. Akinyamaza tu, uvimbe utatoka wote na kakake ataishi. Akauma midomo. Akawachukia wote, na Osewe pia.

"Daktari, wacha!" akapiga kelele. "Ameharibika!"

Jioni Osewe aliamka wodini, bandeji kichwani. "Adhis, nina kiu," alisema, maneno yamenyooka. Akanywa. "Wametoa yote?"

"Kimebaki kipande. Daktari anasema kitamea tena." Adhis alikuwa analia. "Mimi ndiye nilimwambia aache."

Osewe akamtazama.

"Basi keti hapa karibu," alisema. "Nina mengi ya kusema."