Santuri Isiyojua Kunong'ona

Udasiyanda wa Gehandu alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na huyo mmoja alikuwa marehemu kwa midomo ya watu. Kwa kweli alikuwa hai, mzima wa afya, amejichimbia kwenye mapango ya nyuma ya mlima Hanang, anakunywa maziwa anayopelekewa na mama yake. Jina lake Gidahosh. Alikuwa amemchoma mkuki kijana mwenzake kisimani kwa ugomvi wa nani anyweshe ng'ombe kwanza, na ukiniuliza mimi nitakwambia ulikuwa ugomvi wa kipuuzi kuliko wote. Lakini mtu alikufa. Na Mwingereza enzi zile hakuwa na mchezo na mambo hayo: muuaji anapelekwa Mbulu, akitoka huko ni kitanzi, na asipopatikana wanaswagwa ng'ombe wa ukoo mzima.

Basi baba mtu, mzee Gidamis, akafanya alichoweza. Akaleta shuka la mwanaye limelowa damu ya mbuzi, akatangaza kwamba simba wamemla njiani akikimbilia Yaeda. Watu wakalia, serikali ikafunga macho, ng'ombe wakabaki zizini. Aliyekataa kulia alikuwa Hermani, kaka wa yule aliyechomwa mkuki. Hakubisha, hakutukana mtu. Alilitazama lile shuka muda mrefu, akaondoka.

Sasa hapo ndipo anapoingia Bashiri na balaa lake. Bashiri alikuwa na duka Katesh, yeye na mkewe Chiku, na siku za mnada aliweka barazani gramafoni yenye tarumbeta kubwa. Watu walijaa kusikiliza, na wakishajaa wananunua chumvi, wananunua kaniki. Mambo yalimnyookea mpaka Yahaya alipofungua duka lake upande wa pili wa barabara, naye na gramafoni yake. Ikawa vita. Santuri ya Bashiri ikifika mahali mwimbaji anaposhusha sauti, ya Yahaya inaifunika, na watu bila hata haya wanavuka barabara na pesa zao. Bashiri alikonda kwa hasira. Chiku alimwambia ananunua ugonjwa, hakusikia.

Kwa hiyo yule mzungu aliyekuwa akinasa nyimbo na kumletea santuri alipopita na gari lake kutoka Nairobi, Bashiri alimbana. Akamweleza kwamba nyimbo anazomletea zina mashimo katikati, watu wanadhani gramafoni imekufa, na yeye anataka wimbo usioshuka toka mwanzo hadi mwisho. Mzungu akacheka. Akasema asiwe na shaka, huko kwao wana mashine mpya: sauti kubwa inaikaba shingo, sauti ndogo inaishika kwapani na kuinyanyua, zote zinatoka kimo kimoja. Bashiri alifurahi utadhani kapewa dume la ng'ombe. Akasema yupo mama mmoja Gehandu, amefiwa na mwanaye, na kwa wimbo wa msiba hakuna anayemfikia.

Gari lilipoingia Gehandu, nusu ya kijiji ilikuja kulishangaa, na Hermani akiwamo. Bashiri alimwamkia Udasiyanda kwa heshima zote, shikamoo mama, akaeleza shida yake. Mama wa watu alibanwa pande zote. Afanyeje? Akikataa, watu watajiuliza ni mama gani huyu asiyetaka kumlilia mwanaye, na wa kwanza kujiuliza amesimama pale pale, mikono nyuma. Akikubali, anamlilia mtoto aliye hai, na kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo. Alimtazama mumewe. Gidamis akatazama chini.

Alikubali. Na ili uelewe alichofanya, lazima ujue kwamba katika nyumba ile wimbo wa msiba ulikuwa na sehemu mbili. Ya juu ni ya watu: mama anasimama, anapaza sauti, anamsifu marehemu na ng'ombe wake, na kila mtu anasikia. Ya chini ni ya marehemu peke yake. Mama anainama, wanawake wanamzunguka wakivuma kwa midomo iliyofungwa, na ndani ya ule uvumi anaongea na mwanaye. Maneno yale hayaulizwi. Hata mume haulizi.

Ile ya juu aliiimba kwa kifua chote, na nakwambia hata Hermani alikunja uso. Lakini alipoinama, wanawake wakivuma kumzunguka, aliingiwa na hofu. Amemwita Gidahosh marehemu mbele ya Mungu na mbele ya mlima wenyewe anakojificha, na Mungu akiyachukua maneno yake kuwa ya kweli? Ilibidi ayafute, na mahali pa kuyafutia ni pale pale. Akanong'ona, "Hujafa, mwanangu. Haya ni ya mdomoni tu. Yanywe maziwa niliyokuletea, ulale. Nitarudi na mengine."

Alipoinuka akaona kile kichwa cha chuma cha kunasia sauti kipo karibu na kifua chake, na akili zikamrudia. Usimwone mjinga. Alimwambia Bashiri anataka kujisikia kabla hawajaondoka, na mzungu akaurudisha nyuma utepe wa kunasia sauti, akamsikilizisha. Sehemu ya juu ilitoka vizuri, sauti yake mwenyewe, akataka hata kutabasamu. Ya chini ilitoka kama nyuki ndani ya mzinga. Aliweka sikio karibu kabisa, hakuna neno lililosikika. Akashusha pumzi. Kumbe alichosikia kilikuwa bado hakijapita kwenye ile mashine ya kukaba na kunyanyua, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna mashine kama hiyo.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa santuri zilipofika. Bashiri alimtumia salamu aje Katesh siku ya mnada ajisikie. Alikwenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana, na alikwenda pia, tuseme ukweli, kwa sababu alitaka kujisikia. Alipaka mafuta bangili zake. Chiku alimwekea kigoda barazani, akampa chai.

Bashiri akazungusha mpini, akashusha sindano. Jamani, sauti iliyotoka pale! Ng'ombe waliofungwa ng'ambo ya barabara waligutuka, na gramafoni ya Yahaya ikawa kama haipo. Lakini Udasiyanda hakuutambua wimbo wake. Pale alipokuwa amepaa, hakupaa. Sauti ilikwama mahali pamoja, kama mtu anayeimba huku kichwa kimegota darini. Kilio chake kilikuwa kimegeuzwa kelele, na alisikia uchungu, maana kile kilio hakikuwa cha uongo chote. Bashiri alikuwa anacheka peke yake, anawaonyesha watu kidole upande wa Yahaya.

Halafu ikaja sehemu ya chini, na haikushuka. Uvumi wa wanawake ulinguruma kama lori linalopanda mlima, na mbele ya ule uvumi, wazi, na mate yanavyomezwa na bangili zinavyogongana, ikaja sauti yake kubwa kama ya mnadi ng'ombe: Hujafa, mwanangu. Ilikuwa kwa Kibarabaig, na nusu ya mnada ule walikuwa Wabarabaig.

Alimwambia Bashiri apunguze. Bashiri, ambaye lugha ile aliijua ya kuuzia chumvi tu, alimjibu kwa furaha, "Haishuki, mama. Ndio uzuri wake huo."

Chiku alikuwa amekulia Dongobesh na watoto wa wafugaji wa Kibarabaig, na aliyaelewa yote. Alivua khanga yake ya juu akaisokomeza ndani ya tarumbeta. Sauti ikapungua, kweli, lakini ilipungua yote kwa pamoja. Kilio na siri vikabaki kimo kile kile, na watu badala ya kuondoka wakasogea, wakanyamaza, wakatega masikio. Haya ni ya mdomoni tu. Yanywe maziwa. Udasiyanda aliinyakua santuri ingali inazunguka akaivunja juu ya goti. Bashiri akang'aka kwamba mama huyu amechanganyikiwa, na hata hivyo ndani kuna sanduku zima, na nyingine zimeshapelekwa Babati na Singida.

Hermani alipita katikati ya watu taratibu. Alimwamkia Udasiyanda kama mtoto anavyomwamkia mama yake.

"Mama," akasema, "maziwa unapeleka wapi?"

"Kila mama huongea hivyo na mwanaye aliyekufa."

"Sawa. Sitakusumbua. Nitakuwa nyuma yako tu."

Udasiyanda alijikaza. Akifika mlimani kumwonya mwanaye, anawapeleka mwenyewe Hermani na wenzake. Akirudi nyumbani na kukaa, watachunguza mlima pango kwa pango, maana mtu anayenyweshwa maziwa na mama yake hawezi kuwa mbali. Lazima watazame kwingine. Alimwomba Chiku apeleke neno kwa Gidamis kwamba mtu yeyote asisogelee mapango, hata kwa dawa. Kisha akajaza maziwa kibuyu kikubwa mbele ya macho ya wote, akakitundika begani, akashika njia ya kusini, kuelekea mbuga za Singida, akiupa mlima mgongo.

Walimfuata. Alifurahi walipomfuata. Alitembea kama mwizi, mara anageuka, mara anajificha nyuma ya kichaka na kutoka tena, ili waamini. Alilala kwa watu asiowajua, akaamka, akaendelea. Miguu ilivimba, maziwa yakaganda ndani ya kibuyu, na kila alipoona vumbi nyuma yake moyo wake ulimwambia kwamba vumbi lile haliko mlimani. Sijui kama kuna furaha ya namna ile inayompata mtu zaidi ya mara moja.

Siku moja aligeuka, hakuona vumbi. Alingoja chini ya mti wa miiba mpaka kivuli kikahama. Hakuja mtu. Akasema wamechoka, wamekata tamaa, wamekwenda zao. Akarudi nyumbani na nyayo zilizopasuka, na njiani alikuwa akipanga jinsi atakavyompelekea Gidahosh kibuyu kabla ng'ombe hawajafunguliwa.

Kwenye uwanja wa nyumba yake alikuta alama za magurudumu ya lori. Majirani walikuwa wamekaa kandokando ya ua, na mzee Gidamis ameketi kwenye lango la zizi, mikono katikati ya magoti. Hakumtazama.

"Alikuja mwenyewe," akasema. "Neno lako nililetewa, sikumkaribia. Naye maziwa hayakufika, akangoja, hayakufika. Akadhani unaumwa. Akashuka kuja kukujulia hali."

Udasiyanda alitua kibuyu chini. Aliuliza kama mtoto alipewa angalau kitu cha kunywa.

"Nilikuwa nimeingia ndani kumchukulia," akasema Gidamis. "Nilipotoka askari walikuwa wameshamfunga."