Siku Kuku Alipokanyaga

Siku thelathini zilipotimia, hospitali ya kampuni ilimkata Numbi plasta, na mfupa bado unacheza ndani ya nyama. Karatasi ilisema siku thelathini, na karatasi haiumwi. Reli ndiyo iliyomwangukia mguuni, kule kwenye matanuri ya shaba ya Elisabethville, na tangu hapo yeye na mkewe Adolphine walilala kwa wasiwasi. Asiyefanya kazi hana nyumba kambini.

Adolphine akamleta Kabwe, mzee wa kuunga mifupa. Kabwe aliufunga mguu kwa vipande vya matete, kisha akamkamata kuku jike, akamvunja mguu na kumfunga vilevile. Ndivyo walivyofanya watu wa kwao tangu zamani.

"Kuku akikanyaga chini, mujue dawa inashika," alisema. "Lakini muguu ya muntu iko na mwendo yake. Mungojee tena miezi mbili."

Shefu wa kambi, Mbelgiji mwenye kugawa nyumba, alipokuja kuuliza kwa nini haendi kazini, Numbi alimweleza yote, hata habari ya kuku. Alidhani ukweli humlinda mtu, maskini! Mzungu alicheka, akamwagiza kapita Faustin, mnyapara wake, apite pale kila asubuhi kumwangalia kuku.

Siku ya kumi na tisa kuku akakanyaga. Adolphine alishindwa kujizuia. Alipiga vigelegele vilivyosikika nyumba kumi. Faustin naye alikuwa njiani.

Jioni shefu akasimama mlangoni, kofia kichwani.

"Kuku nakwisha pona. Weye pia nakwisha pona. Kesho kazi."

"Bwana, Kabwe alisema miezi mbili..."

"Hii hapana sheria ya Bazungu. Hii sheria ya kwenu."

Adolphine alitamani kuumeza ulimi wake.

Asubuhi wenzake wawili wa kazini walimbana Numbi katikati ya mstari ili asionekane akiyumba. Aliinua koleo mara sita. Mara ya saba mfupa ukakatika palepale pa zamani, ukatoboa ngozi.

Nyumbani habari haikufika. Saa nane mchana Adolphine alisikia hodi, akafungua. Alisimama mwanamke kijana, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, vumbi la treni ya Kasai bado miguuni.

"Jambo, mama," alisema kwa haya. "Banatupatia hii nyumba. Maji munachota wapi?"

Adolphine, asiyeelewa bado, akamwonyesha bomba.