Taya la Mama Mkwe

Hakuna kinachomchosha fundi kama kazi yake mwenyewe inayomrudia mlangoni. Mteja baki akirudi kulalamika, unaweza kumwona msumbufu kimoyomoyo, ukamaliza. Lakini mteja huyo akiwa mama mkwe, analala chumba cha pili, na kila asubuhi mnapishana koridoni yeye amejiziba mdomo kwa kitambaa, huna pa kukimbilia.

Fundi huyu, daktari wa meno, wagonjwa walimwita Polepole, naye hakuchukia, maana haraka na kinywa cha mtu havipatani. Alikuwa na chumba kimoja cha kazi nyuma ya duka la dawa: kiti kinachopanda kwa kukanyagwa, beseni lenye bomba linalovuja, na meza ya dirishani alipokuwa akipanga meno ya bandia juu ya nta, moja moja. Vinywa visivyobakiwa na jino hata moja ndivyo vilivyompa sifa. Watu walitoka mbali kumfuata. Na sasa, kwa mama wa mkewe mwenyewe, alikuwa ameshindwa mara mbili.

Mama alikuja kwao kwa ajili ya meno hayo. Machache yaliyokuwa yamebaki yaling'olewa, fizi zikapona, na tangu hapo akawa mtu wa viazi vya kuponda na supu iliyochujwa. Aliyeponda na kuchuja ni binti yake, mke wa Polepole, ambaye alikuwa mshonaji kiwandani. Alirudi jioni miguu imemvimba, akapika sufuria ya nyumba nzima, kisha sufuria ya mama. "Utakaa mpaka meno yakamilike," ndivyo alivyomwambia mama yake siku ya kwanza. Sasa uchovu ulikuwa umemwingia mpaka kwenye sauti.

"Polepole," alimwambia mumewe siku seti ya pili iliposhindwa, "watu baki unawapa meno ya kuvunjia mifupa. Mama yangu ndiyo unampa ya kupigia makofi?"

Meno ya asili kila moja lina mzizi wake, likigongwa linajivumilia lenyewe. Ya bandia yote yamepandwa kwenye bamba moja, na bamba lenyewe limekalia ufizi unaoteleza, halina msumari. Kwa hiyo ya juu na ya chini sharti yakutane kwa mpigo mmoja, kulia na kushoto. Ukitafunia kulia, kushoto nako kuguse kidogo, la sivyo bamba linanyanyuka upande wa pili. Na yale ya mbele, ukifunga kinywa, yasigongane kabisa. Haya Polepole aliyajua hata usingizini. Ila yote yanategemea mgonjwa akuonyeshe taya lake linakaa wapi hasa. Mama akiuma nta pale kwenye kiti, kila kitu kilikuwa sawa. Akifika nyumbani taya lilirudi nyuma, bamba la chini likateleza, na fizi zikachubuka.

Jumamosi alasiri, wagonjwa walipokwisha, alimketisha tena. Alikuwa amechoka vibaya, uchovu wa mtu aliyeanza kuutilia shaka mkono wake, tena alikuwa na hofu. Akishindwa na safari hii, angemtazama mkewe kwa jicho gani? Akaamua kutumia njia ya wakongwe wa kazi, ambayo ni kulichosha taya mpaka lisahau adabu.

"Fungua, mama. Funga. Peleka kulia. Kushoto. Mbele. Ncha ya ulimi iguse kaakaa, nyuma kabisa. Meza mate. Tena."

"Baba, mimi si mashine ya kusaga."

"Samahani, mama. Tena."

Mbele ya mkwe mama alikuwa na heshima zake. Alikaa wima, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Kidogo kidogo mabega yakashuka. Mkoba ukateleza mpaka sakafuni, hakuuokota, na macho yakajifumba. Hapo Polepole akamtia kinywani vibao viwili vya kupimia, vya nta laini, cha juu na cha chini, akaweka vidole kidevuni bila kusukuma.

"Funga taratibu."

Taya likajiendea lenyewe. Lilirudi nyuma, upana wa ukucha mzima kutoka pale alipokuwa akiuma siku zote, likatulia kama mlango uliopata komeo lake. Akamrudisha afunge tena, likaenda palepale. Na mara nyingine, palepale.

Furaha ilimpanda Polepole, halafu akakumbuka jambo. Mara zote mbili zilizopita alikuwa amemwambia mama arudishe taya nyuma, na mara zote mama aliitikia "ndiyo, baba" kisha akauma mbele. Mbele kwa kiasi kilekile. Taya la uzee halina msimamo namna hiyo bila mwenyewe kulisimamia.

Alizitoa nta, akazitia kwenye maji baridi zigande.

"Umelipata?" mama aliuliza, akiwa bado amefumba macho.

"Nimelipata."

"Haya. Basi safari yangu imewadia."

"Mama, ulikuwa unalisukuma makusudi?"

Mama alifumbua macho. "Kidogo tu. Sikutaka kukuharibia jina, baba. Kila nikikaa hapa najiambia leo nitauma kiungwana, halafu naikumbuka nyumba yangu. Tangu mzee aniache, ile nyumba hata panya wameihama. Nikirudi kutoka sokoni napiga hodi mlangoni kwangu mwenyewe, angalau nisikie sauti ya mtu. Mlisema nikae mpaka meno yakamilike. Nikaona basi, yasikamilike upesi."

Polepole alikasirika, tusidanganyane. Kazi yote ile, na masimango ya mkewe, kumbe! Lakini alikuwa ameviona vidonda kwenye fizi zile. Mama alikuwa amevichagua vidonda kuliko nyumba yake, na hasira ya mkwe ikaishiwa nguvu.

"Usimwambie mwenzio," mama alisema. "Yule amechoka. Akijua atalia, na akilia atanibakiza kwa huruma. Sitaki kukaa kwa watu kwa huruma."

Meno akayatengeneza kwa kufuata taya la kweli. Kuyaharibu kwa makusudi hakuweza, mkono wenyewe ungemkatalia. Siku ya kuyavaa alimpa mama aume karatasi ya bluu, na alama zikatokea kulia na kushoto sawasawa, mbele hakuna kitu. Alisugua jino moja nyuma, akamwambia afunge, na ukasikika mgongano mmoja tu, ko. Hawakupongezana. Walifunga chumba wakaenda nyumbani kula.

Mke alimwekea mama bakuli la viazi vya kuponda, akajitupa kitini.

"Haya, Polepole. Leo vipi?"

Polepole alitazama sahani yake. Maisha yake yote hakuwahi kusema uongo kuhusu jino la mtu. "Bado," akasema. "Nimekosea tena. Nipe muda."

Mke alifumba macho. Hata nguvu ya kugomba hakuwa nayo.

Mama alinyoosha mkono, akachukua ganda gumu la mkate kwenye sahani ya mkwewe, akalivunja, akalitia kinywani. Akatafuna. Kulia, kisha kushoto, na meza nzima ilisikia. Alipokwisha kumeza akajifuta midomo.

"Usimwonee mumeo. Meno yamekaa barabara. Mimi ndiye niliyekuwa nayaharibu, nisiondoke. Sasa niambie nipande basi la lini."

Mke alifumbua macho. "Nani amekwambia uondoke?"

"Wewe. Mpaka meno yakamilike."

"Mama! Nilisema vile ili ukubali kuja. Ningekwambia njoo ukae moja kwa moja, ungekuja? Ungejifungia ukameza ufunguo." Halafu sauti ikamshuka. "Lakini sitakudanganya. Baadaye nilichoka, nikawa nayangoja hayo meno kuliko wewe mwenyewe." Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana naondoka."

"Huondoki." Alilivuta bakuli la viazi upande wake, akaanza kula yeye. "Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi nimekupa kijiko miezi yote hii, kosa ni langu. Kesho jikoni ni zamu yako. Na keshokutwa. Mimi nitalala."

Kesho yenyewe mke hakuingoja. Aliliacha bakuli nusu, akaenda kulala jua likiwa bado dirishani. Polepole aliinuka akusanye vyombo, mama akamtazama, naye Polepole akaketi. Mama mkwe akakunja mikono ya gauni, akaviosha mwenyewe kimoja kimoja, na hakuna aliyemwambia apumzike.