Wasichana wa Kiwanja cha Kokoto

Hakuna mtu pale Corrin Flat, mji mdogo wa mgodi kisiwani Tasmania, aliyeujua mpira kuliko Merle Bantick. Ni kweli hakuwahi kuupiga hata siku moja, na sheria zake zilimpiga chenga mpaka uzeeni. Lakini jezi alizifua yeye, miaka arobaini, na damu ya jezi humwambia mfuaji mengi asiyoyaona mwamuzi.

Na damu ilikuwepo. Moshi wa mgodi uliua nyasi zamani, basi watu wakatandaza kokoto wakacheza juu yake mpira wa Kiaustralia, ule unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu. Timu za mjini zilifika zikicheka, zikaondoka zikichechemea.

Halafu ikaja barua kutoka ofisi ya mpira ya Hobart, mji mkuu wa kisiwa. Fedha za kulea vipaji vya Tasmania zingetoka sasa makao makuu, Melbourne, na mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama: kocha wangemchagua wao, na watoto wangefundishwa mjini, mwendo wa saa nne, kwenye majani laini. Corrin Flat ingebaki na kocha wake na fungu lake endapo tu ingeonyesha timu kamili ya wasichana wasiozidi miaka kumi na sita.

Merle akahesabu. Kumi na tisa! Kwa watu wa kokoto timu kamili ni ishirini na wawili: kumi na wanane uwanjani na wanne wa akiba, maana kokoto hula magoti. Akashika kalamu, akaongeza majina matatu.

"Umemwandika nani?" akauliza shoga yake wa jikoni pale klabuni.

"Watu ninaowaamini. We koroga mchuzi."

Jumamosi ofisa akafika, Declan Fysh, kijana wa viatu vyeupe. Akahesabu wachezaji, akahesabu tena.

"Watatu wako wapi, mama?"

"Mafua, mwanangu. Baridi ya huku haina adabu."

Mchezo ukaanza, mvua ikinyesha. Tahlia Spotswood, binti wa miaka kumi na mitano, akaruka juu ya mabega ya wenzake, akaudaka mpira, akashuka kifudifudi. Akainuka goti linachuruzika damu, akapiga katikati ya nguzo za goli. Magari yote yaliyozunguka kiwanja yakalia honi mpaka milima ikaitikia.

"Nani kamfundisha huyu?" Declan akauliza, kasahau mvua.

"Denise, kocha wetu, dereva wa lori mgodini. Huyo huyo mnayetaka kumtoa."

Baadaye, akila pai dirishani pa jiko, Declan akaweka saini.

"Timu kamili ofisini kwetu ni kumi na wanane, mama. Mmepita. Na Denise habaki kwa huruma. Anabaki kwa kazi yake."

Merle akajifanya mvuke wa sufuria umemwingia machoni. Kifua kilimjaa kama yeye ndiye aliyeruka.

"Ila hawa wenye mafua," Declan akaendelea, akiisoma orodha. "Lorna, Doreen, Beryl. Siku hizi watoto wanaitwa majina ya bibi zangu?"

"Majina yanarudi, mwanangu. Huyo Beryl hasa ni katoto, kembamba kama fito. Kako kitandani, maskini."

Pazia la jiko likafunguka. Akatokea mwanamke wa miaka sabini na tatu, mapana yake yamejaza mlango, sinia mkononi.

"Nani ananiita? Mimi ndiye Beryl, kipenzi. Nikuongezee pai?"

Declan akamtazama kutoka mvi hadi ndara, kisha akamgeukia Merle, ambaye ghafla alikuwa na vikombe vingi sana vya kuosha.