Jiko la Bandani

Mirjam Dahlgren alivua viatu mlangoni, akavipanga kando ya viatu vya mwenye nyumba, akaingia ndani kwa soksi. Alipita chumba hadi chumba. Birger Hedlund alimfuata kama mtu anayemfuata daktari hospitalini, anayengoja kuambiwa ugonjwa ni upi.

"Nyumba nzuri," Mirjam alisema hatimaye, walipofika jikoni. "Mbao zake nzima, madirisha makubwa. Tatizo imejaa."

"Imejaa nini?"

"Imejaa nyinyi."

Alisema bila ubaya, kama fundi anayesema bomba linavuja. Kazi yake ilikuwa hiyo: kuzipamba nyumba za watu zinapotaka kuuzwa, ili kila anayekuja kuzitazama ajione yeye ndani yake, asimwone aliyekuwa akiishi humo. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, lakini Mirjam alianza na mlango. Alitaka upakwe rangi upya.

Ni Pernilla, binti yake Birger, aliyemwita huyo mpambaji. Pernilla alikaa mji wa Västerås, na alikuwa amekwisha kumtafutia baba yake fleti ndogo mtaa uleule aliokaa yeye. Birger alikubali kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi kuliko kubishana kwenye simu. Moyoni alitumaini kwamba hatatokea mnunuzi.

Lakini kulikuwa na ahadi.

Solveig, mkewe, alimaliza siku zake za mwisho jikoni. Hakutaka kulala juu ghorofani peke yake huku watu wakinywa kahawa chini, basi Birger akamtandikia kwenye benchi la jikoni, lile refu la mbao ambalo kiti chake hufunguka kuwa kitanda. Kutoka hapo aliuona mti wa tofaa na barabara ya kwenda Hedemora. Mchana mmoja alimwambia, "Birger, uza. Uza kabla giza la majira ya baridi halijaingia. Usije ukakaa humu unanitazama kwenye viti."

"Ndiyo," Birger alijibu.

Alifariki mwezi Septemba. Giza la baridi likaingia, likatoka, na Birger alikuwa bado jikoni, akilala kwenye benchi lilelile. Sasa Septemba nyingine ilikuwa imefika, na majani ya mti wa tofaa yalianza kugeuka rangi.

Göte, jirani wa ng'ambo ya uzio, alipata habari kabla hata gari la Mirjam halijazimwa.

"Birger! Nasikia umeajiri mtu wa kukusogezea viti!"

"Pernilla ndiye kaajiri."

"Mimi mke wangu ananisogezea bure. Kila Jumamosi. Nikirudi sijui nikae wapi."

"Mkeo akikupamba wewe, Göte, nani atakununua?"

Göte alicheka hadi akashika uzio. Alikuwa rafiki wa siku nyingi, na tangu mazishi alikuwa akimtania Birger zaidi kuliko zamani, maana hakujua njia nyingine ya kumuuliza hali.

Kazi ya kuhamisha vitu ilichukua sehemu kubwa ya wiki. Mirjam alileta vijana wawili wenye mikono mikubwa, wakabeba vitu kupeleka kwenye banda la gari. Picha za familia ziliondoka zote, hata ile ya harusi, hata ile ya Pernilla bila meno. Mapazia ya maua yakatoka. Meza ya jikoni ikatoka. Kulabu za kutundikia vikombe ziling'olewa, matundu yakazibwa, na kuta zikapakwa rangi nyeupe ambayo Mirjam aliiita kwa jina jingine, lakini ilikuwa nyeupe. Vitabu vilipangwa upya kwa rangi: vyekundu na vyekundu, buluu na buluu. Kitabu cha nyimbo za kanisani cha Solveig kikajikuta katikati ya vitabu vya uvuvi vya Birger, kwa kuwa vyote vilikuwa vyeusi.

Saa kubwa ya kusimama iliruhusiwa kubaki. "Watu wa mjini wanaipenda sana," Mirjam alisema. Lakini aliisimamisha, akaweka mishale yake saa nne na dakika kumi, kwa sababu hivyo inapendeza kwenye picha.

Benchi lilikuwa la mwisho.

"Hili nalo?" Birger aliuliza.

"Hili nalo. Linaziba mwanga, Birger. Mtu akiingia, macho yanagonga benchi kabla ya kufika dirishani."

"Mimi nalala hapo."

Mirjam alimtazama. Vijana nao walisimama, wameshika benchi hewani, wakingoja.

"Juu kuna kitanda," Mirjam alisema polepole. "Nimekitandika vizuri."

"Naweza kulala huko?"

"Ungeweza. Lakini ile mito jinsi nilivyoipanga, Jumapili ndiyo watu wanakuja kutazama. Ukiweza kujibana kwenye kitanda cha chumba cha Pernilla..."

Benchi likatoka.

Nyumba ilipokwisha kupambwa, ilikuwa nyumba ya mtu mwingine, msafi, asiye na umri. Sofa nyeupe ya kukodi ilikaa sebuleni na Birger aliombwa asiikalie. Taulo mpya za bafuni zilikuwa za kutazamwa. Dirishani jikoni palikuwa na bakuli la malimau, manjano kama taa za barabarani, na karatasi iliyoandikwa "tafadhali yasiliwe." Nje matofaa ya Solveig yalikuwa yakidondoka yenyewe kwenye nyasi, wala hakuna aliyeyataka.

Jioni ile Birger alitaka kahawa, akakuta hana kikombe. Vikombe vyeupe vilivyopangwa kabatini aliogopa kuvigusa. Akaenda bandani kutafuta chake.

Vijana walikuwa wameweka vitu ovyo. Benchi lilikuwa limegeuzwa uso ukutani, meza imepinduliwa juu yake miguu ikiangalia dari. Birger hakupenda kuliona benchi vile. Akaishusha meza, akaligeuza tu, ili lisikae kama mtoto aliyeadhibiwa. Kisha, kwa kuwa lilikuwa limegeuzwa, akaisogeza meza mbele yake. Akaketi. Meza ilikuwa mbali mno. Solveig alipenda iwe karibu, mtu aegemeze viwiko. Akaisogeza tena.

Kesho yake alitafuta kulabu kwenye boksi, akazikongomea kwenye ubao wa banda, vikombe vikarudi katika mpangilio wake. Aliyatundika mapazia ya maua kwenye kidirisha cha pembeni, yakawa marefu, akayakunja. Taa ya dirishani, ile ambayo Solveig aliiwasha kila vuli giza linapoanza kuwahi, aliiweka chini ya mapazia akaunganisha waya. Akaleta jiko dogo la umeme alilokuwa akilichukua uvuvini. Siku iliyofuata alihamishia blanketi.

Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Kila kitu alichokiweka mahali pake kilimwita kingine.

Jumamosi Mirjam alikuja kubadilisha maua. Alimwita Birger ndani, hakumwona, akaona mwanga kwenye kidirisha cha banda. Alipofungua mlango mdogo, Birger alikuwa kwenye benchi, amevaa sweta, anakunywa kahawa. Nyuma yake ukutani ilikuwa picha ya harusi.

Birger alisimama kama mwanafunzi aliyekamatwa. "Ndani sijagusa kitu," alisema. "Hata malimau."

Mirjam alisimama mlangoni. Alitazama kulabu, mapazia yaliyokunjwa, zulia jembamba la matambara lililonyooshwa juu ya saruji, mahali palipo na alama za mafuta ya gari. Alitazama kwa muda mrefu, kwa jicho lake la kazi.

"Nani amekusaidia?"

"Hakuna."

"Na ndani ilikuwa hivihivi?"

"Hivihivi. Ila dirisha lilikuwa mkono wa kulia."

Mirjam aliinama akavua viatu, ingawa sakafu ilikuwa ya saruji na baridi ilikuwa inapanda. Akaja akaketi upande wa pili wa meza. Birger alimmiminia kahawa.

"Siku ile niliona jiko lililojaa vitu," Mirjam alisema. "Sikuona kwamba ni vichache hivi."

"Ndivyo hivi."

"Vingine vyote kwenye maboksi?"

"Vingine sijavitafuta."

Aliponyanyuka, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye taa, akaisogeza kidogo kuelekea katikati ya dirisha. Birger akainuka, akairudisha. Mirjam akacheka, mara ya kwanza tangu afahamiane naye.

"Samahani. Ni ugonjwa wa kazi." Akavaa viatu. Mlangoni akageuka. "Jiko la ile fleti ya Västerås likoje?"

"Pernilla anasema dogo."

"Dogo kuliko hapa?"

Birger alikusanya vikombe. Mirjam hakungoja jibu. Alikwenda kubadilisha maua yake.

Jumapili mwenye nyumba hatakiwi kuwapo. Hiyo ni desturi, na dalali aliyekuwa akiiuza nyumba alimkumbusha kwa simu. Birger alikwenda kwa Göte, na wote wawili wakasimama nyuma ya pazia la jikoni wakitazama magari yakipanga foleni barabarani.

"Ona yule," Göte alisema. "Anapiga ukuta wako kwa kidole. Anadhani ni tikiti maji."

"Mwache apige."

"Na wale wenye mtoto, wanafungua kila kitu. Wakifika chooni watafungua na kuvuta maji. Na hiyo harufu ya maandazi inafika hadi huku, umeoka?"

Dalali alikuwa ameweka siagi, iliki na mdalasini kwenye trei ndani ya oveni, moto mdogo. Maandazi hayakuwepo, ilikuwa harufu yake tu. Birger alimweleza Göte, na Göte akatikisa kichwa.

"Hiyo ni dhambi," alisema. "Unawanusisha watu, halafu huwalishi."

Harufu hiyo ndiyo iliyomkumbusha Birger kahawa, na kahawa ikamkumbusha jiko dogo la umeme. Hakuwa na hakika kwamba alilizima. Akavaa koti, akapita uzioni kwa nyuma, akaingia bandani kwa mlango mdogo.

Jiko lilikuwa limezimwa. Aliligusa, lilikuwa baridi. Angeweza kurudi kwa Göte, lakini alikuwa ametembea haraka na magoti yalimuuma, basi akaketi kidogo kwenye benchi.

Hapo ndipo mlango mkubwa ulipoinuka. Mnunuzi mmoja alikuwa amesisitiza kujua banda linaingia magari mangapi, na dalali akaufungua huku bado anaeleza. Maneno yakamkatikia mdomoni. Nje walisimama watu saba au wanane, wamevaa juu ya viatu vile vifuko vya buluu vya kuzuia uchafu, wakitazama jiko zima limekaa ndani ya banda la gari, na mzee ndani yake.

"Habari za mchana," Birger alisema.

"Habari," walijibu baadhi yao.

"Sasa hapa..." dalali alianza, shingo yake ikiwa nyekundu. "Hapa ni ghala la muda."

"Si ghala hili," alisema mwanamke mmoja mtu mzima, kwa sauti ya chini. Alikuwa amepiga hatua ndani. Hakugusa kitu. Kijana aliyekuwa nyuma yake, yule aliyekuwa akipiga kuta, alinyoosha shingo.

"Duh, bora hapa kuliko kule ndani," alisema. "Mzee, na hivi navyo viko kwenye bei? Vinabaki?"

Birger aliangalia benchi, meza, vikombe, mapazia, taa. Aliangalia mpaka pale vilipoishia, na havikufika mbali. Nusu ya banda ilikuwa tupu.

"Hapana," alisema. "Hivi vinahama."

Alilisikia neno likitoka. Alikuwa hajawahi kulitamka, si kwa Pernilla, si kwa dalali, si hata alipokuwa peke yake. Ni kama mtu mwingine alikuwa ameulizwa na kujibu. Lakini aliyeketi pale alikuwa yeye, na watu wote walikuwa wamesikia.

"Aa," kijana alisema. "Hasara."

Dalali akashusha mlango.

Nyumba ilinunuliwa na wale wenye mtoto. Ilichukua siku chache za kupandishiana bei kwa simu, na Birger alitia sahihi mapema Oktoba. Yule mke alimuuliza sofa nyeupe aliinunua wapi. Birger akamwambia kwamba imerudi kwa wenyewe.

Lori la kuhama lilikuja asubuhi yenye ukungu. Birger aliwaelekeza wapakizi waanze na banda, wapakie kwa mpangilio, benchi litangulie ili libaki ukutani mwa lori. Göte alikuja kusaidia na kuzuia.

"Malimau yangu yako wapi?" alisema. "Wiki kadhaa nayaona dirishani."

"Chukua na bakuli."

"Na huko Västerås utakuwa unataniwa na nani?"

"Pernilla ana ulimi."

"Pernilla!" Göte alisema kwa dharau, kisha akageuka akaangalia mti wa tofaa kwa muda.

Lori lilipokwisha kujaa, Birger aliingia ndani kwa soksi kuzunguka mara ya mwisho. Vyumba vilikuwa vyeupe na vitupu. Kwa mwaka mzima alikuwa ameiogopa saa hii. Alisimama jikoni, mahali lilipokuwa benchi, akangoja. Akautafuta ule uchungu wake kama mtu anavyotafuta miwani, akipapasa huku na huku. Haukuwa mle. Ulikuwa umekwisha kupakiwa, nje, kwenye lori, pamoja na vitu vingine.

Alivaa viatu mlangoni. Ilikuwa bado alasiri, lakini mwanga ulikuwa unapungua, na alitaka afike awashe taa ya Solveig kabla giza halijaingia.