Bega la Pilipili

Mji wetu ni mzuri, msibishe. Wageni wakipita wanapunguza mwendo wa gari ili wautazame vizuri. Milango haifungwi, takataka hazionekani, na watoto wanamwamkia kila mtu, nadhani hata paka. Wiki hii mgeni mmoja aliyekuja kupunguziwa suruali alimwambia mama, "Nyie watu mmejaliwa kweli," na mama akatabasamu huku pini zimejaa mdomoni. Mimi nilikuwa pembeni natia uzi kwenye bobini. Nilitamani kumwambia yule mgeni apande gari lake akimbie na asigeuke nyuma, lakini nikaendelea kutia uzi. Kusema ndiko kulikomponza dada yangu.

Dada yangu tulimwita Pilipili. Mdomo ule, jamani! Darasani hanyamazi, mezani hanyamazi, akilala anaongea. Alikuwa anakutania mpaka unalia, halafu anakubembeleza kwa kukutania tena. Utotoni alianguka kutoka kwenye paa la jirani akifuata mpira, na bega lake la kushoto likaunga vibaya, likabaki limeshuka. Mimi nilizaliwa na mkono wa kulia mfupi kidogo kuliko wa kushoto. Shuleni hakuna aliyejua hata moja kati ya hayo, kwa sababu mama yetu ni fundi cherehani, tena fundi kwelikweli. Blauzi za Pilipili alizishonea kijimto cha pamba kwa ndani, bega la kushoto, mabega yakaonekana sawa. Za kwangu alikata mkono wa kulia mfupi, pindo zote mbili zikaishia palepale kwenye kifundo cha mkono. Alikaa ameinama kwenye cherehani mpaka mgongo unamuuma ili watu wasitucheke, na mimi nikasema moyoni, huyu mama anatupenda. Leo sijui niseme nini.

Mwisho wa barabara yetu kuna Nyumba ya Malezi, geti la bluu, maua kila upande. Mtoto akishindikana kwao anapelekwa huko akapumzike kidogo, na anarudi amenyooka. Mtoto wa kinyozi alikwenda na kigugumizi chake na ngumi zake, akarudi anaongea kama mtangazaji wa redio. Wazazi wanashukuru, wanapeleka keki. Matroni wa nyumba ile ni mama mnene, mcheshi, ananukia sabuni, na kila mtu hapa mjini anajua kwamba Matroni hakanyagi nyumba ya mtu mpaka aitwe na mwenye nyumba. Wanajivunia sana hilo. Hakuna anayelazimishwa, wanasema.

Basi Pilipili, kwa ule mdomo wake, akamsimamisha mtoto wa kinyozi mbele ya shule nzima asubuhi tumepanga mistari. "Wewe," akamwambia, "kigugumizi chako umekiacha wapi? Na mwenyewe umemwacha wapi?" Wanafunzi tukacheka mpaka machozi. Walimu hawakucheka. Yule mtoto mwenyewe alitabasamu tu, akamshukuru kwa swali zuri.

Jumamosi nikatumwa vifungo. Kurudi, namkuta Matroni sebuleni kwetu anakunywa chai, na Pilipili amekaa karibu na mlango na mkoba wa nguo mapajani. Nikajua ni mwalimu mkuu huyo, kamsumbua mama mpaka kakubali. Pilipili alikuwa amepauka midomo, lakini alinikonyeza. "Usiguse vitu vyangu," akasema. "Nikirudi nakagua mpaka soksi." Mama alikuwa amewapa mgongo, anapiga pasi shuka ambalo lilikuwa limeshanyooka.

Akarudi wiki iliyofuata. Sura ni ile, sauti ni ile, hata kovu la kidevuni lipo. "Shikamoo, mama. Habari za nyumbani?" Akala, akashukuru, akaosha vyombo bila kuambiwa. Mama alilia kwa furaha, na mimi, Mungu anisamehe, nikafikiri labda kweli alikuwa anahitaji kupumzika.

Asubuhi akavaa sare. Bega la kushoto likasimama juu kama ameficha chungwa ndani ya blauzi. Lile bega lililoshuka halikuwapo tena, na pamba ilikuwa haina cha kujaza. Niliona. Nikamtazama mama, na yeye alikuwa ameona. Nikangoja apige kelele, amshike yule msichana amtikise, amuulize mwanangu yuko wapi. Ndilo nililolitaka duniani, nirudishiwe dada yangu, na mama ndiye angeweza kubisha hodi kwenye geti lile akasikilizwa.

"Vua, mwanangu," mama akasema taratibu. "Nikutengenezee."

Akachukua wembe, akafumua mshono, akaitoa pamba, akaitupa kwenye kapu la vipande. Kisha akashona bega upya na kukata uzi kwa meno. Mimi niliichukua ile pamba kapuni wakati hakuna anayenitazama. Ilikuwa bado inanukia jasho la Pilipili.

Chumbani nikamfuata yule msichana. Alikuwa anakunja nguo za dada yangu, zote kwa ukubwa mmoja.

"Mwenye bega yuko wapi?"

Akaniangalia kwa upole, kwa huruma kabisa. "Alikuita sana," akasema. "Baadaye akanyamaza. Sasa anapumzika vizuri. Nikukunjie na zako?"

Nikaenda mpaka kwenye cherehani nikashika gurudumu likasimama. "Mama, huyu si yeye!"

"Najua." Hakuinua uso. "Unadhani mimi sijui mwili niliouvalisha tangu umezaliwa?"

"Sasa kwa nini umekaa? Twende tukamchukue! Huyo mwalimu mkuu aliyemwita Matroni..."

"Mwalimu mkuu si mwenye nyumba hii," mama akasema.

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa nilitamani nisingeelewa.

"Nimechoka," akasema. "Kila siku naitwa shuleni. Kila siku jirani ananipa pole ya kunisimanga. Huyu ananisalimia asubuhi. Ananiuliza nimelalaje. Yule aliwahi kuniuliza hivyo lini?"

"Yule alikuwa mwanao!"

"Punguza sauti. Watu watasikia."

Nikatoka mbio. Nililigonga geti la bluu mpaka ngozi ya mikono ikachubuka, nikimwita Pilipili kwa sauti yote niliyojaliwa. Ndani mtu alikuwa anamwagilia maua, na maji hayakusita hata kidogo. Majirani walitoka, kinyozi, muuza maziwa, wote. Hakuna aliyenigombeza. Walinishika mikono kwa upole, "pole, mama, pole," wakanirudisha nyumbani wakitabasamu. Washenzi! Hata kunitukana walishindwa.

Mama alinipokea mlangoni akanikumbatia. Muda mrefu hakuwa amenikumbatia vile. "Nenda kaoge," akasema. "Kisha ujaribu sare yako, nimeipiga pasi." Nilifikiri anaomba radhi kwa njia yake. Nikiwa naoga nilipanga namna ya kumshawishi, nikaona kesho tutakwenda wote wawili, atabisha hodi, atafunguliwa.

Nimevaa blauzi. Mkono wa kushoto umefika kwenye kifundo kama siku zote. Wa kulia umenimeza vidole. Nimeukunjua nikatazama pindo: kitambaa kimeongezwa, uzi ni mpya, mshono umenyooka huwezi kuutambua mpaka uutafute. Ameishona nikiwa getini namwita dada yangu. Kazi safi, kama kawaida yake.

Sasa nimekaa kitandani, pamba ya Pilipili iko mkononi. Dirisha lina vyuma, mama aliviweka kwa ajili ya wezi ambao mji huu hauna. Sebuleni vikombe vinagongana na harufu ya sabuni imefika mpaka huku.

"Karibu, Matroni," nasikia mama anasema. "Anamalizia kuvaa."