Yangeyange Mkubwa Kama Godoro

Mimi niliwahi kuona mtumbwi ukipaa. Ulipaa juu ya mafunjo ya kinamasi cha Lubigi, juu kuliko mnara wa msikiti wa Kibuli, na mtu yumo ndani ametulia kama yuko kwake. Wajukuu zangu wa Ntinda wakisikia hivyo hucheka, wananiongezea chai ninyamaze. Basi nyinyi nisikilizeni.

Mwaka 1973 nilifanya kazi katika ofisi ya picha zinazopigwa kutoka kwenye ndege. Tulitazama misitu, vinamasi na mito toka juu, tujue maji yanaanzia wapi na miti imekwisha wapi. Meza zilikuwa saba. Bwana mkubwa Mwingereza alikwenda likizo akasahau kurudi, na ufunguo wa kabati la filamu akaenda nao. Makarani wawili wa Kihindi walikuwa wamefukuzwa nchini pamoja na wenzao wote. Wengine wawili walitoka kwenda kula Wandegeya, na chakula kile sijui kama kimekwisha mpaka leo.

Nikabaki na Oloya. Mimi nilitazama picha mezani, yeye alikwenda mahali penyewe kuhakikisha. Kila alipofika alitandaza shuka jeupe, ndege ikipita tuione alama na kujua hapo ndipo aliposimama. Jioni moja wakaja watu wa usalama, wa miwani myeusi, kumuuliza nyumbani kwake. Alikuwa na jina la kaskazini na kaka katika jeshi la rais aliyepinduliwa, yakatosha. Hawakumkuta, na mimi sikumwona tena. Kila asubuhi niliendelea kumimina chai vikombe viwili. Mkono ulishazoea.

Kisha zikaja picha za Lubigi. Hizi hutazamwa mbilimbili. Ndege hupiga moja, inasogea kidogo, inapiga ya pili. Unaziweka chini ya darubini ya macho mawili, kila jicho na picha yake, na vilima vinainuka mezani mpaka unataka kuvigusa. Ila kitu kikitembea kati ya picha ya kwanza na ya pili, darubini inadanganyika. Kinaonekana kinaelea hewani.

Ndivyo nilivyouona mtumbwi. Ulikuwa kama kijiti, na mbele yake kuna kitu cheupe, cha mraba.

Shuka. Oloya amejificha apate kuishi, kasikia ndege, akatandaza shuka puani mwa mtumbwi huku ukienda. Ratiba ya ndege tuliipanga naye, alijua ni nani atakayetazama. Nilicheka peke yangu, halafu nikaenda kufunga dirisha.

Sijarudi kwenye kiti, mlango ukafunguliwa. Akaingia luteni mmoja, Kamis.

"Wewe bwana picha. Kuna mtu tunatafuta kule Lubigi. Nasikia ndege yenu inaona mpaka kisigino."

"Kisigino inaona, afande. Haijui tu ni cha nani."

Hakucheka. Aliinama kwenye darubini, na picha zile mbili zilikuwa bado pale. Nilisikia maji ya birika yakichemka, nikashindwa kuyaendea.

"Hii kitu nyeupe iko hewani."

"Ni yangeyange, afande. Anaruka."

"Mimi nimezaliwa Bombo. Yangeyange namjua. Hii ni kubwa kama godoro."

"Kule samaki ni wengi, yangeyange wananenepa. Mwaka jana mmoja alibeba ndama."

"Ndama."

"Mdogo, afande."

"Na hiki kijiti nyuma yake?"

"Miguu. Akiruka huinyoosha."

Akainua uso, akanitazama, kisha akatazama meza ya pili.

"Chai ya nani ile?"

"Ya mwenzangu."

"Anakuja?"

"Hapana."

Akaenda, akakalia kiti cha Oloya, akaichukua chai ile. Ilikuwa imepoa, na sukari haikuwamo kwa sababu haikuwepo mjini. Aliinywa yote taratibu, kama mtu aliyekaribishwa.

"Nikitoa picha moja," akasema, "hii ndege yako bado itaruka?"

"Haitaruka, afande. Litabaki doa tu. Mtu anaweza kusema ni chokaa, anaweza kusema ni uchafu wa kioo."

"Basi mkubwa wangu nitampelekea moja. Yeye hapendi vitu vingi mezani."

Akachomoa ya kulia, akaitia ndani ya koti. Mlangoni akageuka.

"Ile ya ndama usimwambie mtu mwingine. Ndama imezidi."

Hawakuja tena kuuliza habari za Lubigi. Siku kadhaa nilitamani hata yeye Kamis arudi, tubishane kidogo kuhusu ndege. Jioni nilikuwa naiweka ile picha ya kushoto chini ya darubini, upande wa kulia mtupu. Mafunjo yalilala bapa. Doa nalo lililala, halikuinuka hata kidogo, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia luteni kwamba halitainuka.

Mvua zilipokwisha ndege ikapita tena juu ya kinamasi. Nikazipanga picha mpya mbilimbili, nikatazama toka barabara ya Hoima mpaka mwisho wa maji. Hapakuwa na kitu cheupe popote. Kama Oloya alikuwa ameondoka, au alikuwa ameerevuka asitandaze tena, vyote viwili ndivyo nilivyomwombea. Nikamimina chai, vikombe viwili, nikarudi kwenye picha ya kwanza nikaanza upya kumtafuta yangeyange wangu.